Vyungu Thelathini na Vinne

Bunia, 11 Septemba 2023

Baba yangu,

Pokea salamu kutoka Bunia. Habari ya nyumbani? Habari ya mugongo wako? Na Mama Émilienne, kifua chake kimepoa? Mie niko muzima. Mwezi wa sita malaria ilinilaza siku tano, kisha ikaniachia, na sasa ninafanya kazi.

Ninajua sijaandika tangu nilipoondoka, na inaenda kutimiza miaka miwili. Simu haisaidii, Mama aliniambia masikio yako sasa inasikia kelele tu. Kwa hiyo ninaandika. Adolphe, ule dereva anayefanya Bunia na Mahagi kila wiki, amekubali kukupa barua mukononi.

Baba, nimekwama, na mutu mwingine wa kuuliza sina.

Ninafanya usafi kwenye biro ya shirika moja la kuchimba visima. Ninapiga deki, ninachemsha chai, na maua yote ya ndani iko juu yangu. Iko vyungu thelathini na vinne, kwenye vyumba, kwenye korido, mpaka kwenye ngazi. Tangu mwezi wa saba ile maua inakufa. Majani ya chini inageuka manjano, kisha shina inalegea, na muti unalala upande mumoja. Ninamwagilia kila siku bila kuruka hata siku moja. Nikizidisha maji, inazidi kunyauka.

Mbaya zaidi ni muti mukubwa wa mapokezi. Ulipandwa na muzee aliyeanzisha shirika, naye alifariki miaka minne iliyopita. Wafanyakazi wanaupenda sana. Kila mugeni anapigwa picha mbele yake. Sasa umeangusha nusu ya majani, na kila asubuhi ninafagia mengine.

Monsieur Serge, anayesimamia vifaa na usafi, anasema ninamwaga maji ya sabuni kwenye vyungu juu ya uvivu. Haiko kweli, Baba. Lakini tarehe 24 Novemba shirika linatimiza miaka kumi, wageni watajaa, na Madame Adèle, direkta wetu, amesema maua ikiwa bado hivi siku ile, usafi wote utapewa watu wengine.

Weye umekuza miche ya kahawa maisha yako yote. Niambie tu ninakosea wapi. Ukikataa kunijibu, nitaelewa.

Binti yako,
Christella

*

Mahagi, 20 Septemba 2023

Christella,

Barua yako imefika. Mimi ni mzima. Mgongo ni ule ule. Mama yako anakohoa asubuhi tu, baadaye anapata nafuu. Tumefurahi kusikia malaria imeisha.

Sitakuambia unakosea wapi, kwa sababu sijaona. Wewe ndiye utakuwa macho yangu. Chagua chungu kimoja, kile kilicho kibaya kabisa. Usikimwagilie siku tatu. Kisha ingiza kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili, uone kama umekauka. Pindua chungu, shika shina kati ya vidole, utoe mmea pamoja na udongo wake. Nusa. Tazama rangi ya mizizi. Vuta mzizi mmoja polepole uone kama ni mgumu, au kama ngozi yake inachomoka kama soksi. Mwisho, tazama chini ya chungu kama kuna tundu, na kama lipo, ujue maji yanakwenda wapi.

Andika ulichoona, si ulichofikiri.

Baba yako,
Edouard

Mwanangu, ni Mama naandika hapa chini. Barua yako ameisoma mara nne, anajifanya anatafuta miwani. Andika upesi.

*

Bunia, 29 Septemba 2023

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Niko salama, usingizi tu ndiyo haba. Aksanti kwa kunijibu.

Nimefanya sawa ulivyosema. Nilichagua chungu cha chumba cha mikutano, kile chenye majani marefu. Siku tatu bila maji, na bado kidole kilitoka na matope. Nilipotoa ule muti, harufu ilijaa chumba chote, harufu ya bwawa. Mizizi iko nyeusi, inateleza sawa majani ya sombe iliyopikwa ikalala siku mbili. Nilivuta mumoja, ngozi ikabaki kwenye vidole vyangu, ndani ikabaki kiuzi chembamba. Katikati tu nilikuta michache iko bado nyeupe na migumu.

Tundu iko, Baba, lakini sikiliza. Kila chungu cha plastiki kimeingizwa ndani ya chungu kingine cha kupendeza, chenye rangi, na kile cha nje hakina tundu hata moja. Nilikiinua nikakuta maji ya kutosha kuosha sahani. Nilienda chumba kwa chumba. Karibu vyote viko hivyo. Kisha nikaenda kuangalia karatasi ambayo Monsieur Serge alibandika jikoni mwezi wa sita: litre moja ya maji, kila chungu, kila siku. Na wafanyakazi nao, wakimaliza mukutano, wanamwaga humo maji iliyobaki kwenye chupa, hata chai.

Serge aliingia akanikuta nimepiga magoti na muti mukononi. Akasema, "Sasa unaing'oa kabisa?" Nikamuambia mizizi imeoza juu ya maji kuzidi. Akasema, "Muti unaonyauka unaomba maji. Hata mutoto anajua." Akatoka.

Mie nilirudisha ule muti ndani ya chungu. Nilikuwa ninafikiri miche yetu ya kahawa ya mwaka ule nilioondoka, elfu sita, na weye mbele ya wapandaji wote waliokuja kuichukua, unasema, "Huyu ndiye aliyeizamisha." Labda ni kweli, Baba. Labda mukono wangu ni muzito na maji, na Serge naye ameona tu kile weye uliona.

Nifanye nini na hii mizizi?

Binti yako,
Christella

*

Mahagi, 8 Oktoba 2023

Mwanangu Christella,

Tunakusalimu kwa upendo. Sisi ni wazima, na mvua ni nzuri mwaka huu. Kula vizuri, na ulale.

Nitaanza na mimea kwa sababu haiwezi kungoja. Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji hakuna nafasi ya hewa, mizizi inakufa kwa kukosa pumzi, kisha kuoza kunaingia. Mzizi uliokufa hauwezi kunywa, ndiyo maana jani linanyauka hali chungu kimejaa maji. Anayeona jani tu atafikiri ni kiu, naye ataongeza maji. Huyo Serge si mtu mbaya. Ameangalia juu tu.

Toa mmea, osha mizizi katika maji safi mpaka uione yote. Kata kila mzizi mweusi na laini, mpaka ufike penye weupe, hata kama utabaki na kidogo. Kisu kiwe kikali, ukipitishe kwenye alkoli, yaani spiriti, kabla ya kila mmea, la sivyo utahamisha ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Punguza na majani, kwa sababu mizizi michache haiwezi kulisha majani mengi. Udongo wa zamani utupe mbali. Chungu kioshe kwa javel, ile dawa ya kuua vijidudu, kisha maji mengi. Usichague chungu kikubwa kuliko mizizi iliyobaki. Changanya udongo mweusi na mchanga wa mto na vipande vidogo vya mkaa. Adolphe anakuletea gunia la maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza vizuri, weka nayo, yanafanya udongo uwe mwepesi. Watu wanaweka mawe chini wakidhani yatakausha. Mawe hayasaidii kitu kama maji hayana pa kutokea. Mwagilia mara moja, acha yachuruzike yote, kisha ngoja. Kama udongo wa juu umekauka na wakati wa kumwagilia tena umefika, kidole chako ndicho kitakuambia, si karatasi ya jikoni. Weka penye mwanga bila jua kali. Mbolea hapana, mpaka uone jani jipya. Na mmea ambao mizizi yake yote imekwisha, chukua kipande cha shina kilicho kizima, upande upya.

Sasa jambo la pili, ambalo ni gumu kwangu.

Ulipoondoka, wiki iliyofuata nilipasua mifuko ya miche ile. Udongo ulikuwa umekuwa tofali. Mwaka ule nilichelewa, nikachimba udongo wa bondeni kwa sababu ulikuwa karibu, sikuweka mchanga. Ule ni udongo wa kufinyanga. Maji hayakuweza kupita, hata ungemwagilia kwa kijiko. Na mistari mitatu ya upande wa kanisa, ambayo nilimwagilia mimi mwenyewe, nayo ilikufa vilevile. Nilijua siku ile ile. Nilikusanya ile mifuko nikaichoma, nikanyamaza. Wapandaji walikuwa wameniamini miaka ishirini na sita, nikaona heri wakuone wewe umekosa kuliko wanione mimi.

Mkono wako haukuwa na kosa. Uliondoka hapa na kosa langu mgongoni. Ninakuomba msamaha, na sikuharakishi kunijibu juu ya hilo.

Baba yako,
Edouard

*

Bunia, 17 Oktoba 2023

Baba,

Salamu kwenu. Niko muzima.

Barua yako niliisomea chumba cha vifaa, mulango umefungwa. Nililia, kisha nikakasirika sana. Miaka miwili, Baba. Nilikuwa ninaogopa hata kumwagilia sombe ya jirani. Kisha kasirani ikaisha, nikatoka, na korido ilionekana ndefu na yenye mwanga kuliko asubuhi. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Nimekusamehe, na bado inauma, vyote viwili viko.

Gunia limefika. Nilienda moja kwa moja kwa Madame Adèle, sikupitia kwa Serge. Nilimubebea chungu cha biro yake mwenyewe, nikainua, nikamwaga yale maji kwenye ndoo mbele yake. Akainama kutazama ndoo. Akasema, "Nikupe vyungu vitatu. Vikipona, tutaongea." Nimefanya vitatu. Muchanga nilitoa kwa watu wanaoleta wa mto Shari, makala ya kupikia ninayo nyumbani. Kisu nilipitisha alkoli kila mara. Mumoja ulibaki na mizizi mitatu tu, mifupi sawa kidole.

Ninauliza juu ya muti mukubwa. Uko kwenye chungu cha simenti, urefu wake unanipita mie na mukono juu. Nao unanuka. Je, mizizi yake nayo nikate? Nijibu upesi, Adolphe anaondoka kesho.

Binti yako,
Christella

*

Mahagi, 26 Oktoba 2023

Mwanangu,

Salamu kwako. Sisi wazima. Adolphe alifika kwa shida, na nyuma yake barabara imefungwa, hakuna gari linalopita Iga Barrière, na mtandao wa simu umekatika. Yuko hapa kwangu, anakula na kulala. Nitampa barua hii, atakuja nayo siku njia itakapofunguka.

Maneno yako juu ya msamaha nimeyasoma. Ninayapokea kama ulivyoyaandika, yote mawili.

Kuhusu mti mkubwa: usiukate. Mimi nimekata mizizi ya miche na mimea midogo. Mti wa umri ule, uliokwisha kuangusha nusu ya majani, sijawahi kuugusa, wala sijaona mtu aliyeuponya. Ukiutoa chunguni utakufia mikononi, nao watasema wewe ndiye uliyeua mti wa marehemu. Kata vipande vya matawi yenye afya, upande, na mti wenyewe uache uende zake.

Ninaomba barua hii ikufikie mapema.

Baba yako,
Edouard

*

Bunia, 31 Oktoba 2023

Baba,

Natumaini muko salama. Huku watu wanasema barabara iko imefungwa, na Adolphe hajarudi. Sina jibu lako, na simu ya Mama nayo haiingii. Ninaandika tu, barua itakaa kwangu mpaka gari zitembee.

Vile vyungu vitatu vimepona. Ule wa mizizi mitatu ndio ulitangulia, ulitoa jani lililojikunja, kijani kibichi. Madame Adèle alilishika kwa vidole viwili. Siku ile ile alinipa vingine vyote, na mie nimevimaliza kwa siku tisa. Vyungu vya kupendeza vya nje nimevitoboa vyote, fundi wa milango aliniazima mashine yake. Vitano mizizi ilikuwa imeisha kabisa, nimepanda vipande vya shina.

Imebaki muti mukubwa. Mama Mbambu, mujane wa muzee, anatoka Butembo kuja kwenye sikukuu. Serge hataki aukute hivi. Ameshatafuta muti mwingine unaofanana, ili waubadilishe kimya na ule wa zamani utupwe. Nilimuambia Serge kwamba huyo mama ameishi na yule aliyeupanda, atajua. Serge akajibu, "Kwa hiyo unataka nini?" Nikasema, "Niachieni mie."

Nimeuchunguza. Nilifukua pembeni ya chungu kwa mukono. Chini ni uozo mutupu, lakini juu, karibu na shina, kuna mizizi minene, nimeikwaruza kwa ukucha na ndani iko nyeupe. Muti wenye weupe vile hauwezi kuachwa. Nimekungoja karibu wiki mbili, Baba, na kungoja kwenyewe kunauua. Kesho biro imefungwa kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Nikitoka misa nitaukata, sawa ulivyonifundisha kwa midogo, ila nitachukua muda mrefu.

Kama ningeweza kukuuliza, ningekuuliza. Lakini nimeangalia vizuri, na ninaandika nilichoona.

Binti yako,
Christella

*

Bunia, 28 Novemba 2023

Baba yangu na Mama yangu,

Salamu nyingi sana. Adolphe amefika jana, amekonda, lakini anacheka. Amenipa barua yako ya tarehe 26 Oktoba, ile inayosema nisiukate. Niliisoma nikiwa nimekaa chini ya ule muti, Baba. Nikacheka mpaka Serge akatoka kwenye biro yake kuuliza kuna nini.

Ninakuambia tangu mwanzo. Siku ya Watakatifu Wote tulikuwa watu watatu, mie, fundi wa milango na sentinele anayelinda geti. Tuliulaza muti kwenye matandiko ya zamani, tukauvuta polepole. Nusu ya chini ya mizizi ilibaki ndani ya chungu sawa uji. Niliosha, nikakata. Nilikata tangu saa nne mpaka saa tisa. Sehemu moja nilifika kwenye muzizi unene wa mukono wangu, umeoza upande mumoja, nikapitisha kisu kwenye alkoli tena, kwa maana nikikosa pale basi. Nikakwaruza kidogokidogo mpaka weupe ukatokea. Matawi nayo nikapunguza kwa theluthi mbili. Mwishowe kilibaki kijiti chenye mizizi ya kujaa ndoo. Fundi alitoboa chungu cha simenti matundu matano, nasi tukakiinua juu ya matofali.

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi walipoingia, mumoja akashika kichwa. Serge aliuzunguka mara mbili, akarudi kwenye biro yake. Siku kumi na tano hakuna kilichotokea. Kila siku kidole, kila siku ninasema ngoja. Watu walinyoosha chupa zao kuumwagia, nami nikasimama mbele yake. Nilitoa ile karatasi ya jikoni kwa mukono wangu, nikaandika nyingine: mutu asimwagilie isipokuwa Christella. Na Serge aliisoma, akaenda kutafuta gundi ili ishike vizuri.

Tarehe 17, siku ya saba kabla ya sikukuu, niliona kidoti chekundu kwenye shina, jani jipya linataka kutoka. Kesho yake vilikuwa vitatu. Sikukuu ilipofika vilikuwa kumi na moja, na viwili vimeshafunguka majani, madogo sawa ukucha wa mutoto.

Serge alitaka bado kuuficha, anasema una upara. Madame Adèle akamuambia, "Utakaa hapo hapo mulangoni."

Mama Mbambu alifika na fimbo yake. Alipita wageni wote, akaenda kwenye muti. Nilisimama karibu, mikono nyuma. Akauliza, "Nani aliukata hivi?" Nikasema ni mie, Mama. Akauliza juu ya nini niliukata. Nikamueleza yote, mizizi, maji, harufu. Akainama, akashika lile jani dogo, akasema mume wake alikuwa akiuonea huruma kila mara na kuupa maji, na yeye Mama alikuwa akimukataza. Kisha akanishika mukono, hakuniachia mpaka hotuba zilipoanza. Kwenye picha ya miaka kumi niko katikati, Baba, kati ya mujane na direkta, na nguo yangu ya kazi.

Madame Adèle aliniita niseme maneno mawili. Sikujitayarisha. Nikasema, "Siye ndio tunaopelekea watu maji, na maua yetu tulikuwa tunaizamisha." Watu walicheka, na Serge alicheka kuliko wote.

Vyungu thelathini na vinne: ishirini na tisa imepona na mizizi yake, ile mitano ilikufa, lakini vipande vyake vyote vimeshika. Usafi wamepewa watu wengine, ndiyo. Mie nimepewa maua ya biro zote mbili, hii na ile ya pili, na shirika jirani wameomba niende kuangalia yao. Serge ameniomba kipande kwa ajili ya muke wake. Nilimuchagulia kizuri.

Binti yenu,
Christella

*

Mahagi, 10 Desemba 2023

Mwanangu Christella,

Tunakusalimu kwa furaha kubwa. Mama yako leo hakukohoa hata mara moja, au hakupata nafasi, kwa kuwa alikuwa anasimulia habari zako njia nzima ya kwenda kanisani.

Nilikuambia usiukate. Nilikosea. Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, na mti ule ningeuacha ufe kwa sababu ya woga, nikauita woga wangu busara. Wewe ulifukua ukaangalia. Nimesoma mahali pale ulipokwaruza mpaka weupe, nikasimama, nikatembea uani, nikarudi kusoma tena.

Leo baada ya misa wapandaji wa kahawa walikuwa na mkutano wao. Niliomba kusema. Niliwaambia: "Miche elfu sita ya mwaka 2021, mimi ndiye niliyeiua, kwa udongo wa bondeni. Nilimsingizia binti yangu mbele yenu, kwa hiyo mbele yenu ninamsafisha." Masikio yangu, unayajua, sikusikia kama kuna aliyenong'ona, nami nikaona afadhali hivyo. Kisha nikawasomea barua yako yote ya tarehe 28, tangu salamu mpaka mke wa Serge. Nilipomaliza, mwenyekiti wao alisogea karibu, akasema kwa sauti ya kupita masikio yangu kwamba vitalu vinne vya miche vya upande wa pili wa mlima vinanuka vilevile wiki hii, na akauliza binti huyu anaweza kuja lini.

Nilimjibu kwamba ninakuuliza, siamui mimi.

Adolphe amekuwekea nafasi ya mbele kwenye gari la Ijumaa, tarehe 22. Ukikubali, Jumamosi asubuhi watakungoja kwenye kitalu, wapandaji arobaini na watatu, kila mmoja na mche wake mkononi. Hakuna meza, utasimamia penye mwanga mzuri ili wote waone mizizi. Wao watakaa kwenye mabenchi ya kanisa. Mimi nimeomba nafasi ya mbele, ili nisikie vizuri.

Baba yako,
Edouard